Binti yangu amepimwa akili akapata 68. Nimhamishe shule?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Uyole, Mbeya. Binti yangu wa kwanza ana miaka sita na nusu. Tangu akiwa na miaka miwili alilelewa na bibi yake mzaa mama huko Rungwe, na Januari mwaka huu nilimchukua aanze darasa la kwanza hapa mjini, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mwezi wa tatu mwalimu aliniita, akasema mtoto hajibu chochote, hachangamki na anaandika vibaya. Shule ikaleta mtu wa kumpima. Alikaa naye kama dakika arobaini, akamuuliza maswali kwa Kiingereza na Kiswahili kidogo, akamwambia achore mtu na aige maumbo. Karatasi niliyopewa ina mistari mitatu tu: alama 68, umri wa akili miaka minne, ahamishiwe elimu maalumu. Nyumbani mtoto huyu ni mwepesi. Anambeba mdogo wake, na kwa bibi alikuwa akikaa naye gulioni wakiuza ndizi, chenji anarudisha yeye. Lugha yake ni Kinyakyusa, Kiswahili ni cha kuokoteza. Kitu kingine, wakati mwingine namwita haitiki mpaka mara ya tatu, na masika yaliyopita sikio la kulia lilikuwa linatoa usaha. Mama mkwe anasema ni udumavu, maana kadi ya kliniki ilionyesha ni mfupi. Je, kweli mwanangu ana tatizo la akili? Na mdogo wake ana miezi 14 hajatembea, naye nimpeleke akapimwe? Mama wa Uyole.

JIBU: Mama wa Uyole, pole kwa mashaka. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa karatasi hiyo peke yake, usimhamishe. Hakuna mwenye taaluma hii anayeweza kusema kwa haki kwamba mtoto ana ulemavu wa akili baada ya kikao kimoja cha dakika arobaini, katika lugha ambazo mtoto hazijui vizuri. Lakini usiichane pia ukaendelea na maisha kama kawaida. Mwalimu ameona jambo la kweli: mtoto hajibu. Kazi iliyo mbele yetu ni kujua kwa nini hajibu, na sababu ya kwanza ya kuchunguza umeitaja mwenyewe karibu na mwisho wa barua, kama jambo la pembeni. Ni sikio.

Mtoto anayeitwa mara tatu ndipo aitike, na aliyewahi kutokwa usaha sikioni, hupimwa usikivu kabla ya kupimwa kitu kingine chochote. Usaha unaotoka katikati ya maambukizi ya sikio mara nyingi una maana ngoma ya sikio imetoboka. Tundu lisipoziba, au majimaji yakibaki nyuma ya ngoma, mtoto anasikia nusu nusu. Hawi kiziwi, na hapo ndipo watu wazima tunapopotea. Nyumbani anakuelewa kwa sababu uko karibu, anauona mdomo wako, na maneno yenyewe ni yale yale ya kila siku: njoo, kula, mchukue mdogo wako. Darasani mwalimu amegeukia ubao, wenzake wananong'ona, mvua inapiga bati, na maneno ni mageni. Sauti hafifu kama s, f na t zinapotea katikati ya makelele hayo, na mtoto anabaki na vipande vya maneno ambavyo hawezi kuviunganisha. Isitoshe, hali hii hupanda na kushuka. Wiki hii anasikia, mafua yakimshika hasikii, na watu wanasema anajifanya.

Leo jioni unaweza kufanya jaribio dogo. Zima redio na televisheni, mdogo wake awe na mtu mwingine. Mkalishe binti akiwa amekupa mgongo, simama nyuma yake umbali wa mkono ulionyooshwa. Ziba sikio lake moja kwa kubonyeza taratibu kile kinyama kilicho mbele ya tundu. Kisha nong'ona jina la kitu anachokijua, kwa Kinyakyusa, naye alirudie: kuku, maziwa, ndizi, jembe. Nenda hivyo maneno sita au saba, halafu geuka upande wa pili. Ukiona upande wa kulia anakosa kosa na wa kushoto anapata, umeshapata jambo la kumwambia daktari. Hata akiyapata yote, bado mpeleke, kwa sababu ya ule usaha. Na kwa sasa usimwekee chochote sikioni, si mafuta ya moto, si maji ya majani, si maziwa ya mama.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, eleza historia ya usaha, uombe rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Daktari atachungulia ngoma ya sikio kwa taa, kisha mtoto apimwe usikivu wenyewe. Kwa umri wake kipimo hicho ni kama mchezo: anavaa vifaa masikioni, na kila asikiapo mlio, hata ule mdogo kabisa, anadondosha kete ndani ya kopo. Hakihitaji Kiingereza wala Kiswahili. Ukiwa huko huko mwombe mtu wa macho naye amtazame, maana mtoto asiyeona ubao huandika vibaya na kuonekana mvivu. Na kama umewahi kumwona anakodoa macho ghafla sekunde kadhaa, hasikii ukimgusa, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mwambie daktari, kwa kuwa kuna aina ya kifafa inayokuja kimya hivyo.

Sasa tuingie kwenye hiyo 68.

Vipimo vingi vya akili hupangwa ili wastani wa kundi uwe 100. Theluthi mbili hivi ya watoto huangukia kati ya 85 na 115, na wanaopata chini ya 70 ni kama wawili katika kila mia. Hiyo 70 ndiyo mstari ambao watu wengi huushika. Swali ambalo karatasi yako hailijibu ni hili: mia moja hao ni watoto gani? Mkulima wa viazi wa Isyonje ukimwambia umenunua magunia kumi, kabla ya kukuhesabia hela atakuuliza ni ya lumbesa au ya kilo mia. Namba 68 nayo inauliza swali hilo hilo. Vipimo vya Wechsler, ambavyo ndivyo vinavyotumika sana duniani kwa watoto, vilianza kutolewa Marekani mwaka 1949, na alama zake zimepangwa kwa kuwapima watoto wa huko, wanaosema Kiingereza tangu wanazaliwa na walioshika penseli kabla ya kuingia shule. Ukimlinganisha na hao mtoto aliyetoka Rungwe miezi mitatu iliyopita, unapata namba kweli, lakini sehemu kubwa ya namba hiyo inapima umbali wa safari aliyosafiri. Na karatasi yako haitaji hata jina la kipimo kilichotumika. Bila jina hilo, mtaalamu mwingine hana la kufanya nayo.

Jambo lingine, hata kipimo kizuri hakitoi namba iliyosimama wima. Ukimpima mtoto Jumatatu na ukampima tena wiki nyingine, alama zitatofautiana kidogo. Kwa hiyo ripoti iliyoandikwa vizuri huweka mipaka, kwa mfano kati ya 63 na 74, na ukiitazama hivyo unaona kwamba mtoto anaweza kuwa upande wowote wa ule mstari wa 70.

Kisha kuna umri wa akili. Wazo hili lina historia, nami nataka uijue kwa sababu imekufikia wewe ikiwa imegeuzwa. Mwaka 1905 Wafaransa wawili, Alfred Binet na Théodore Simon, walitengeneza kipimo cha kwanza cha namna hii baada ya serikali yao kutaka njia ya kuwatambua watoto wanaoshindwa darasani ili wapewe mafundisho yanayowafaa. Mwaka 1908 wakapanga maswali kwa umri: haya huwezwa na watoto wengi wa miaka minne, yale na wa miaka sita. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern akapendekeza kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Marekani akaisambaza hesabu hiyo ikiwa imezidishwa kwa mia. Binet mwenyewe alipinga waziwazi kauli kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichokwisha kupimwa na hakiongezeki. Kwake kipimo kilikuwa mwanzo wa kumfundisha mtoto vizuri zaidi.

Vipimo vya sasa vimeshaiacha hesabu ile ya kugawanya, lakini hebu tuijaribu kwa binti yako. Miaka minne gawanya kwa sita na nusu, zidisha kwa mia: unapata kama 62. Karatasi inasema 68. Inawezekana namba hizo mbili zimetoka kwenye vipimo viwili tofauti, inawezekana moja imekadiriwa tu. Muulize aliyempima, kwa heshima lakini usiogope: hii 68 imetoka wapi, na hii minne imetoka wapi? Ni haki yako kujibiwa.

Nije kwenye ukimya wa binti yako mbele ya mpimaji. Miaka ya 1970 watafiti wawili wa Marekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi na wakulima wa Kikipsigis katika kijiji cha Kokwet nchini Kenya. Waliwaona watoto wanaotumwa mbali, wanaokumbuka walichotumwa, wanaochunga ng'ombe na kulea wadogo zao. Watoto hao hao wakiambiwa na mtu mzima asiyewahusu wasimulie tena hadithi fupi waliyoisikia, wengi walinyamaza au wakasema maneno mawili. Walikuwa wamelelewa kusikiliza wakubwa na kutii, hawakulelewa kujieleza mbele yao kwa maneno mengi. Mama, hilo si geni kwetu. Mtoto aliyelelewa vizuri na bibi yake Rungwe anapiga goti akisalimia, anatazama chini, hajibishani na mtu mzima. Halafu anafungiwa chumbani na mgeni anayemuuliza kwa Kiingereza kwa nini meli huelea. Akinyamaza anaandikiwa sifuri. Zaidi ya hapo, mtoto anayeingizwa kwenye lugha mpya mara nyingi hupitia miezi ya kunyamaza, akisikiliza na kukusanya maneno kabla hajathubutu kuyatoa. Binti yako anakusanya ya lugha mbili kwa wakati mmoja, Kiswahili cha uwanjani na Kiingereza cha darasani, na huenda anafanya hivyo kwa sikio moja.

Kuchora nako kuna habari yake. Kipimo cha kumchora mtu kilitolewa na Florence Goodenough mwaka 1926. Mpimaji anahesabu vitu vilivyochorwa: je, kuna shingo, kuna vidole, nguo zina vifungo? Kwa mtoto aliyezoea penseli kinaweza kukuonyesha kitu. Kwa asiyezoea, kinapima penseli. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti aliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza waliwashinda Wazambia. Kwa waya, Wazambia waliwashinda Waingereza, maana watoto wa kule hukua wakisuka magari ya waya kama hawa wetu wa Mbeya. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Watoto hawakubadilika, kilichobadilika ni kilichowekwa mkononi mwao.

Matokeo hayo hayakuishia kwenye vitabu. Wazambia wana kipimo kiitwacho Panga Munthu, ambacho uchunguzi wa kukisawazisha kwa watoto wa huko ulichapishwa mwaka 1998. Mtoto anapewa udongo mbichi anaambiwa afinyange mtu, na mpimaji anahesabu viungo na uwiano wake. Fikiria, kutoka Uyole mpaka Tunduma ni safari ya basi ya asubuhi, na ng'ambo ya mpaka ule kuna kipimo kilichoundwa kwa ajili ya watoto wanaofanana na wako kuliko wale wa Chicago. Inaniuma kwamba kwetu bado tunakimbilia karatasi ya kutoka mbali wakati majirani wametuonyesha njia. Sisemi ukampe udongo halafu umpe alama, hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Lakini mpe udongo Jumamosi hii umwambie afinyange mtu na kuku. Piga picha alichotengeneza. Hiyo picha utaihitaji.

Na sasa chenji ya ndizi. Huenda uliitaja kwa kujifariji, ila kitaalamu ni ushahidi mzito. Ulemavu wa akili, kwa vigezo vinavyotumika duniani, hautambuliwi kwa alama ya kipimo pekee. Lazima pia mtoto awe anashindwa shughuli za maisha ya kila siku ambazo wenzake wa umri ule, katika mazingira yale, wanaziweza: kujihudumia, kuwasiliana, kutumwa, kucheza kwa kanuni, kujua hatari. Na iwe imeanza utotoni, siyo tangu Januari. Mtoto wa miaka sita anayepokea shilingi elfu moja kwa fungu la ndizi la mia saba na kutoa mia tatu, anayejua mteja yupi ni wa kukopeshwa na bibi na yupi si wa kukopeshwa, ana hesabu, ana kumbukumbu na anawasoma watu. Lakini nataka tuwe na hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mpigie bibi umuulize kwa undani. Alikuwa anahesabu mwenyewe au bibi alikuwa anamwambia toa noti ile? Akitumwa vitu vitatu, anarudi na vitatu? Kwenye mdako au kombolela anafuata kanuni, au anakimbia tu kwa sababu wenzake wanakimbia? Alianza kuunganisha maneno lini? Anasimulia kilichotokea jana kikaeleweka? Alikuwa anamwita mara ngapi kabla ya kuitika? Aliwahi kupata degedege, malaria kali au homa ya uti wa mgongo? Bibi amekaa naye zaidi ya miaka minne. Kwa mtoto huyu hakuna mpimaji anayeweza kufanya kazi nzuri bila kuzungumza na bibi, hata kwa simu.

Majibu ya bibi yakiwa mazuri, mzigo wa ushahidi unaondoka kwenye akili ya mtoto na kuelekea kwenye sikio na lugha. Yakiwa ya wasiwasi, kwa mfano akisema alichelewa sana kuongea hata Kinyakyusa, au wenzake wote walimwacha nyuma katika kila kitu, basi nakusihi usinishike kwa yale niliyosema juu ya vipimo vya kigeni ukayafanya kuwa ngao. Nimewaona wazazi wengi wakiambiwa na majirani kwamba mtoto atakua tu, na mtoto akafika miaka kumi bila msaada wowote. Kuchelewa kupima vizuri kunaumiza mtoto kama kunavyomuumiza kupimwa vibaya.

Kupima vizuri kukoje? Kunaanza na swali: mtoto huyu anahitaji nini ili ajifunze? Masikio na macho yawe yameshaangaliwa. Mpimaji anasoma kadi ya kliniki, anaongea na wewe na bibi na mwalimu, anamtazama mtoto akicheza na watoto wenzake. Anapima kwa lugha anayoijua mtoto, na kama yeye hajui Kinyakyusa anatafuta mtu mzima anayekijua na kumwelekeza vizuri, asimtumie dada wa jikoni aliyeshikwa mkono njiani. Hamalizi kwa kikao kimoja. Mwisho anakaa na wewe, anakueleza mtoto anaweza nini na anakwama wapi, na anakupa ripoti yenye jina la kipimo, tarehe, lugha iliyotumika na mapendekezo ambayo mwalimu anaweza kuyafanya Jumatatu.

Kuna jambo moja ningemwomba afanye hata kama halimo kwenye karatasi zake: amfundishe kisha ampime tena. Karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake waliwapima wanafunzi wa shule za msingi kwa maswali ya kupanga vitu, kufikia hitimisho na kubahatisha kwa kuuliza. Baadaye wakawapa mafunzo mafupi ya namna ya kuyaendea maswali hayo, wakawapima upya. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2002. Alama zilipanda, na zile za baada ya mafunzo zilieleza uwezo wa watoto vizuri zaidi kuliko za mwanzo. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuona swali la namna ile, kiasi anachojifunza ndani ya nusu saa kina habari nyingi kuliko alichokuja nacho.

Kumpata mpimaji wa namna hiyo, pita njia mbili kwa pamoja. Hospitalini, daktari wa watoto akishamaliza habari ya masikio, mwombe akuelekeze kwa mwanasaikolojia au mtaalamu wa tiba kazi. Upande wa elimu, nenda ofisi ya elimu ya halmashauri umuulizie afisa elimu maalumu. Walimu waliosomea elimu maalumu, wengi wao wamepita Chuo cha Patandi kule Arusha, wana jicho zuri la mtoto kuliko tunavyowapa sifa. Nenda na bahasha: kadi ya kliniki, majibu ya masikio, madaftari yake, picha ya ule udongo, na karatasi ya mistari mitatu.

Kuhusu udumavu, mama mkwe hajasema jambo la hovyo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wana udumavu, na Iringa ni zaidi ya nusu, Njombe na Rukwa kama nusu. Nyanda zetu zinalisha nchi nzima, na watoto wetu ndio wafupi. Mahindi na viazi vinashibisha, lakini sahani haina maharage, yai wala dagaa wa kutosha, na mama yuko shambani kutwa mtoto akisubiri mlo wa jioni. Watoto waliodumaa, ukiwachukua kwa wingi wao, hupata alama za chini kidogo shuleni. Lakini huwezi kuchukua urefu wa mtoto mmoja ukasoma humo akili yake. Wapo wafupi wengi wanaoongoza darasa. Mpe yai, maharage, mboga na maziwa kwa sababu anakua, na hakikisha chumvi ya nyumbani ni ile yenye madini joto. Udongo wa milimani una upungufu wa madini hayo, ndiyo maana zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida huku kwetu, na upungufu mkali wakati wa mimba huathiri ubongo wa mtoto.

Shuleni, omba kukaa na mwalimu wa darasa, siyo kugombana naye. Mwambie mnachunguza masikio, na wakati mnasubiri majibu amkalishe mbele, sikio la kushoto likielekea kwake, amwite jina kabla ya kumpa maagizo, na amruhusu kuonyesha kwa mkono pale anapokosa neno. Hayo hayana gharama. Nami nitoe maoni yangu hata kama hukuyaomba: ningemhamishia shule inayofundisha kwa Kiswahili. Kutoka Kinyakyusa kwenda Kiswahili ni hatua fupi, lugha hizo ni ndugu, na huko uwanjani atakipata haraka. Kiingereza kitakuja akiwa na msingi wa kusoma. Huo ndio uhamisho ambao ningeufikiria, na uamuzi ni wenu wazazi.

Kama baada ya yote haya itathibitika kweli kwamba ana ulemavu wa akili, kitengo cha elimu maalumu chenye mwalimu aliyesomea si mahali pa kumficha mtoto. Watoto hujifunza humo kusoma, kuhesabu hela na kujitegemea, kwa mwendo wao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamlinda katika haki ya kusoma, hivyo asikuambie mtu kwamba nafasi yake ni nyumbani.

Mdogo wake wa miezi 14 asikutie hofu. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliowafuatilia watoto wenye afya wa nchi tano ikiwemo Ghana, ulionyesha kwamba watoto huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Kama anakaa vizuri, anajivuta kusimama kwa kushika kiti, anaokota punje kwa vidole viwili, anageuka akiitwa na kukuonyesha kitu anachokitaka, endelea kumpa nafasi sakafuni na mgongoni kwa dada yake asikae kutwa. Mpeleke mapema kama mwili ni mlegevu sana au umekakamaa, kama anatumia mkono mmoja tu, kama hageuki kwa sauti, au kama ameacha kufanya kitu alichokuwa anakiweza. Akifika miezi 18 bila kutembea, mpeleke hata kama mengine yote ni mazuri. Kwa umri wake kuna kipimo kizuri kilichoundwa Malawi, ng'ambo tu ya mto Songwe, kilichochapishwa mwaka 2010. Kina maswali 136 kuhusu mwendo, kazi za mikono, lugha na mahusiano, na waliokiunda waliondoa vitu ambavyo watoto wa vijijini hawavijui, wakaweka wanavyovijua. Kinawafaa watoto mpaka miaka sita, ndiyo maana sikukitaja kwa dada yake. Mtu wa kliniki akikuambia anakitumia, mkubalie.

Majibu ya masikio yakitoka niandikie tena. Niambie ngoma ya kulia ilikutwaje, kila sikio lilisikia kuanzia sauti ya kiasi gani, na bibi alijibu nini kuhusu chenji. Usisubiri muhula uishe, nenda wiki hii.